Mwenye Kitambaa

Katika miaka yote ya ufundi wake, Fundi hakuwahi kushona kitu kwa kujificha mpaka lilipokuja gauni lile. Alilikata alfajiri, binti yake akiwa bado amelala. Lilikuwa gauni la pamba la rangi ya samawati, pana, lisilokusudiwa kubana popote, lililo wazi mbele kutoka shingoni hadi chini ya magoti. Lilikuwa gauni la mtu atakayekuwa na jeraha tumboni na asiyetakiwa kuguswa na mkanda wala lastiki. Kulipokucha alikuwa amemaliza kila kitu isipokuwa vifungo tisa vya mbele, kwa sababu vifungo havikuwa kazi yake.

Vifungo vilikuwa kazi ya binti yake. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Vifungo, na hata yeye ukimuuliza jina alikujibu hilohilo. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Shule ilimshinda mapema, au tuseme shule ilishindwa naye ikamrudisha nyumbani. Saa hakuijua kwa mishale bali kwa kazi: kabla ya chai, baada ya chai, wakati wa kufagia nyuzi. Maneno yalimtoka pole pole, moja moja, na asiye na subira alimmalizia sentensi na kumharibia. Lakini kifungo alichokishona yeye, shati lingechakaa hadi kuwa dekio nacho kingekuwa palepale.

"Hili la nani?" aliuliza asubuhi hiyo, akiligeuza gauni.

"Lako."

Akalipandisha hadi kifuani, akaangalia mabega. "Hukunipima."

"Vipimo vyako navijua, mama'ngu. Si nimekuzaa mimi?"

"Hukuniuliza. Nani kasema kata?"

Fundi akajifanya anatafuta bobini chini ya cherehani. Swali hilo alilifundisha mwenyewe. Miaka mitano nyuma alikata suruali kwenye kitambaa ambacho mteja mmoja alikuwa ameleta kishonwe gauni la mkewe, na aibu ya siku ile aliapa haitamrudia. Akaweka sheria dukani: kitambaa kitandikwe, chaki ipigwe, kisha mwenye kitambaa aulizwe, na mkasi usinyanyuke mpaka aseme kata. Wateja walicheka, wakazoea. Fundi mwenyewe, siku za haraka, aliiruka sheria yake kimyakimya. Vifungo hakuiruka hata siku moja. Aliwahi kumsimamisha mama mwenye haraka zake, kitambaa mezani, akamwambia, "Sema kata," na yule mama akasema kata huku akikimbilia usafiri wake.

"Nimesema mimi," Fundi alijibu kutoka chini ya meza.

"Kitambaa cha nani?"

"Si nimekinunua mimi? Hebu niwekee vifungo, tusije tukachelewa. Kesho asubuhi tunakwenda hospitali. Lile tumbo linalokuuma kila mwezi, watalitibu."

Vifungo akafikiri. "Sindano?"

"Moja tu. Utalala kidogo, ukiamka basi."

Binti akaketi kwenye kigoda chake, akatia uzi sindanoni kwa mara ya kwanza tu, kama kawaida yake, akaanza kushona. Alishona vyote tisa, imara. Fundi alimwangalia akazidi kujichukia.

Wazo lilikuwa la Shangazi, ingawa kumlaumu peke yake ni kumwonea. Alikuwa dada wa marehemu mume wa Fundi, mwanamke anayeanza kuongea akiwa bado njiani, na akifika mlangoni ameshafika katikati ya habari. Alimpenda Vifungo kwa dhati. Kila aliponunulia watu wa nyumbani kwake nguo alinunua na ya Vifungo, hata kama ilikuwa ya mtoto wa miaka kumi na mbili.

"Wifi, tusidanganyane," alisema siku alipolileta wazo hilo, akiwa amekaa juu ya rundo la nguo za watu. "Wewe una presha. Mimi nina magoti yasiyonisikia. Tukiondoka sisi, huyu atabaki na nani? Na akibaki na mtoto mgongoni je? Afungwe kizazi mambo yaishe. Pale hospitali nina mtu namfahamu. Karatasi unatia sahihi wewe, hata saa moja haiishi mmetoka."

"Na yeye tumwambie nini?"

"Utamwambia nini akuelewe? Mwambie tumbo. Si kweli linamuuma?"

Siku nyingine Fundi angekataa. Lakini wiki tatu kabla ya hapo alikuwa ametoka kwenda kununua zipu. Aliporudi alikuta shata la bati la mlango wa duka limeteremshwa nusu, na mteja mmoja akiondoka kwa hatua za haraka, mkono mmoja ameubana kwapani. Ni yule wa mashati: bwana mmoja wa heshima zake, ambaye kwa muda wa miezi miwili vifungo vyake vilikuwa vikikatika kila juma, naye akikaa hapohapo kusubiri vishonwe, akileta soda. Ndani alimkuta Vifungo kwenye kigoda, sindano mkononi, uzi ukitetemeka.

Fundi alimkagua binti yake kuanzia kichwani hadi miguuni. Alitazama kila mshono wa nguo yake, hakuona palipochanika. Kisha akakaa sakafuni kati ya vipande vya vitambaa, akalia. Hakumuuliza chochote. Aliogopa jibu, na kusema kweli hakudhani kama jibu lingekuwepo. Basi Shangazi alipokuja na wazo lake, lilimkuta mtu aliyechoka.

Kwenye mapokezi ya hospitali kulikuwa na dirisha dogo la kioo lenye tundu, na karani aliyezoea kuongea bila kuinua macho.

"Mgonjwa ana miaka mingapi?"

"Ishirini na nne," alisema Vifungo.

Karani akainua macho, akamwangalia, kisha akamhamishia Fundi swali lilelile kwa nyusi.

"Ishirini na nne," Fundi akarudia, na karani akaandika.

"Anaongea?"

"Si ameongea sasa hivi?" Shangazi akadakia.

"Namaanisha vizuri." Karani akasukuma fomu tundulini. "Sahihi ya mlezi hapa na hapa. Yeye si lazima."

Nyuma yao foleni ilikuwa ndefu, na mtu mmoja alimwuliza mwenzake, kwa ile sauti ambayo watu hudhani ni ya chini, huyo msichana ana nini. Vifungo akageuka. "Nina tumbo," akamjibu, akarudi kutazama mbele. Fundi alitamani kucheka, na palepale akatamani kulia. Akatia sahihi hapa na hapa. Mkono wake, uliozoea kupiga chaki mstari ulionyooka, uliandika kitu kama minyoo.

Walikaa kwenye benchi. Vifungo alikuwa amevaa lile gauni jipya. Mabega yalimvuta, akawa anayanyanyua na kuyashusha, lakini hakulalamika. Alimshika mama yake mkono, akamwambia, "Usiogope. Sindano ni moja tu."

Ndani walimkuta daktari, mama wa makamo, amevaa koti jeupe lililofuliwa mpaka likachoka. Shangazi alikuwa ametegemea kumkuta yule mtu wake amfahamuye, lakini yule mtu alikuwa likizo. Daktari akachukua fomu, akaanza kuisoma. Vifungo hakuangalia fomu. Aliangalia koti.

"Shikamoo. Kifungo chako cha pili hakipo."

"Marahaba. Hakipo tangu mwezi uliopita," daktari alisema. "Hapa hakuna wa kushona."

Vifungo akapeleka mkono kwenye ukosi wake. Upande wa ndani hakukosa kuchomeka sindano yenye uzi, na mfukoni hakukosa vifungo vya akiba. Akachagua kimoja cheupe, akakiinua.

"Nishone?"

Daktari alitazama sindano, akamtazama msichana, akaona kwamba hasogei. Anasubiri jibu.

"Shona," akasema.

Basi Vifungo akainama, akashona, na daktari akaendelea kusoma fomu kidevu kikiwa juu. Alipofika mahali fulani, macho yalisimama.

"Binti, leo umekuja kufanyiwa nini?"

"Tumbo. Linauma kila mwezi. Mtatibu."

"Mama," daktari alimgeukia Fundi, sauti ikiwa ileile ya upole, "hapa pameandikwa kufunga kizazi. Anajua?"

"Daktari, huyu hata ukimwambia hataelewa," Shangazi alisema.

"Nimemuuliza mama yake."

"Hajui," Fundi akasema.

"Umejaribu kumwambia?"

"Hapana."

"Basi mwambie. Mwambie wewe, mimi ndiyo kwanza ananiona. Mimi siwezi kumgusa mtu mzima kwa sahihi ya mtu mwingine, awe mama yake, awe nani. Na aliyekupa karatasi hii nitazungumza naye."

Vifungo alikata uzi kwa meno, akapapasa kifungo kuona kama kimekaa, akarudi kitini. Fundi akasogeza kiti chake mbele mpaka magoti yao yakagusana. Hakujua aanzie wapi. Maneno ya hospitali hakuwa nayo. Maneno aliyokuwa nayo yalikuwa ya dukani.

"Nilikudanganya," alianza. "Si kwa ajili ya maumivu. Ndani ya tumbo lako kuna mahali ambapo mtoto hukaa, kabla hajazaliwa. Wewe ulikaa kwangu hapa. Kuna njia mbili nyembamba za kufikia mahali hapo. Daktari angekata hizo njia, azifunge. Halafu wewe usingeweza kuzaa mtoto."

Vifungo akaweka kiganja tumboni, juu ya gauni. Alitafuta maneno yake, na safari hii hakuna aliyemmalizia sentensi.

"Inafumuliwa?" aliuliza.

Katika kazi yao hilo ndilo swali la kwanza la kila kosa. Mshono ukienda kombo unafumuliwa, unaanza upya. Kitambaa kilichokatwa ndicho kisichorudi.

"Haifumuliwi."

"Nani kasema kata?"

"Mimi."

"Kitambaa cha nani?"

Machozi yalimdondokea Fundi magotini na hakuyafuta. Jana alikuwa amelijibu swali hilohilo kutoka chini ya meza, upesi, bila haya. Leo halikuwa na jibu ila moja, na aliyepaswa kulitoa alikuwa ameketi mbele yake na gauni linalombana mabega.

"Mwanangu," Shangazi aliingilia, sauti yake kubwa imepungua, "tulitaka kukulinda. Wako wanaume wabaya."

"Yule wa mashati," alisema Vifungo.

Wote watatu wakamwangalia. Daktari akaweka kalamu chini. "Alifanya nini yule wa mashati?"

"Alisema nifunge shata. Nikasema mwenye duka hajasema. Akafunga yeye." Akapumua, akatafuta neno, akalipata. "Akanishika hapa. Na hapa. Nikasema sijasema ndiyo. Hakusikia. Nikamchoma sindano. Ile nene, ya jinzi."

Shangazi alitoa mguno ambao haukuwa kicheko wala kilio. Fundi alikumbuka ule mkono uliobanwa kwapani.

"Mbona hukuniambia?" aliuliza.

"Ulilia. Ukilia, mimi nanyamaza."

Fundi akamshika mikono, akavibusu vidole, kimoja kimoja, vidole vyenye alama za sindano. Wiki tatu nzima alikuwa amelala kitanda kimoja na habari hii, na ilichotaka ni kuulizwa tu.

"Mama, nisikilize," daktari alisema baadaye kidogo. "Kufunga kizazi hakumzuii mtu kama yule. Angerudi na mashati yake. Tofauti ni kwamba wewe ungekuwa umestarehe, ukidhani hatari imekwisha. Aliyemlinda siku ile ni yeye mwenyewe. Sasa tumsaidie." Akamgeukia Vifungo. "Wewe unasemaje? Unataka nikate?"

"Sitaki."

"Ungependa kuja kuzaa siku moja?"

"Sijui." Akafikiri tena. "Nikijua nitasema. Nataka tumbo lisiume."

"Hilo tunalo." Daktari akaichana fomu ya kwanza katikati, akachukua nyingine. Alimweleza vidonge vya maumivu, vya kumeza siku gani, baada ya chai na baada ya kufagia nyuzi, maana alikuwa amekwisha kumuuliza saa zake. Alimweleza kipimo cha tumbo atakachofanyiwa siku nyingine, kwamba hakina kisu, na kwamba mama anaweza kuwepo au asiwepo, apendavyo yeye. Mwisho akamgeuzia karatasi. "Weka sahihi yako hapa."

Fundi akanyoosha mkono kwa mazoea kuchukua kalamu. Akaukamata mkono wake mwenyewe njiani, akaurudisha mapajani. Vifungo akainama juu ya karatasi, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo. Akachora duara, akalifunga vizuri, akaweka nukta nne ndani yake. Kifungo. Daktari akaandika tarehe pembeni, akagonga mhuri.

Nje, kwenye ngazi, Shangazi alikaa kuyapumzisha magoti yake. Hakuwa amesema neno tangu chumbani, na kwa anayemjua hilo lilikuwa jambo la kuitia wasiwasi familia.

"Mimi niliona nasaidia," alisema.

"Najua, wifi. Hata mimi."

"Shangazi," Vifungo akamwita, akakaa kando yake, akamwegemea begani. "Zile nguo ni ndogo."

"Nguo gani?"

"Zote."

Shangazi akamwangalia, akacheka mpaka akajifuta macho kwa mtandio. "Haya mwanangu. Siku nyingine tutakwenda dukani wote, uchague mwenyewe."

Kutoka hapo walikwenda kituo cha polisi, kwa sababu Vifungo alisema anataka kusema. Askari wa kaunta alifungua daftari, akamuuliza Fundi, "Anasemaje huyu?"

"Muulize yeye," alisema Fundi. "Anaongea pole pole. Tuna muda."

Askari alihema, akatazama saa ukutani. Fundi akavuta kiti, akakaa, akaweka mkoba mapajani kama mtu aliyekuja kushinda. Shangazi naye akavuta cha kwake. Ikabidi askari amuulize Vifungo, na aandike, neno moja moja. Mara mbili alijaribu kummalizia, na mara zote mbili Vifungo alimwambia, "Sijasema hivyo," naye askari akafuta, akaandika upya. Alipoandika sindano akauliza sindano gani. Akaambiwa. Akaandika na hiyo.

Kesho yake, baada ya chai, gauni la samawati lilikuwa mezani.

"Nisamehe," alisema Fundi. "Nilikata bila kukuuliza."

"Ulikata," Vifungo alikubali. Hakukasirika. Alisema kilichokuwepo.

"Nataka nilirekebishe. Unalitaka liwe nini?"

"Blauzi. Na mfuko wa sindano."

"Nikupime?"

"Pima."

Fundi akatoa futi shingoni, akapita nayo mabegani, kifuani, kiunoni. Alisoma vipimo mara mbili kwa kutoamini. Mabega yalikuwa yamezidi kwa inchi mbili yale aliyokuwa nayo kichwani. Miaka yote hiyo alikuwa akimshonea msichana wa zamani, na huyu aliyesimama mbele yake alikuwa akivaa tu, akivumilia. Akaandika vipimo vipya kwenye daftari la wateja, kwenye ukurasa wake mwenyewe, na juu ya ukurasa akachora duara lenye nukta nne.

Akatandika gauni, akapiga chaki. Akachukua mkasi mkubwa, akaupanua, akasimama.

Mlangoni alitokea mteja na suruali yenye zipu mbovu. "Fundi, habari za kazi? Nina haraka kidogo." Akawaona wamesimama pande mbili za meza, hakuna anayefanya kitu. "Vipi, mbona mnaangaliana tu?"

"Kaa, bwana," alisema Fundi. "Namsubiri mwenye kitambaa."

Vifungo alikuwa akiupitisha mstari wa chaki kwa kidole, kutoka begani kushuka ubavuni. Akafika mwisho, akarudi mwanzo. Mteja akakohoa. Mkasi ulikuwa mzito na mkono wa Fundi ulikwisha kuanza kuchoka.

"Bado," alisema Vifungo.

Fundi akaulaza mkasi mezani, akavuta kigoda, akakaa kusubiri.